Hodi Hamsini na Nane

1

Jumatatu ile Ukuta ulitema karatasi ya Semeni ikiwa na hodi hamsini na nane, na Mashavu binti Kombo akaisoma kama alivyozisoma nyingine zote: kwa sauti, mbele ya kadamnasi, kikombe cha chai ya tangawizi mkono wa kushoto.

"Hamsini na nane," alisema. "Shoga, humo shingoni mwako kuna harusi au kuna nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Jumatatu ya kwanza ya mwezi hakuna aliyebaki chumbani katika Jumba la Tisa. Waliteremka wote, ghorofa sita, kanga juu ya masweta, mabakuli ya maandazi yamefunikwa, wakapanga foleni mbele ya Ukuta huku wakisengenyana. Mtu alifika, akainua kidevu, kipepeo, kile kifaa kilichobandikwa kooni kwake, kikamulika kijani, na Ukuta ukatoa karatasi yake ikiwa bado na joto. Kazi ya mashine iliishia hapo. Iliyobaki ilikuwa ya Mashavu.

Sheria ilitaka hivyo. Walipopandishwa huku milimani, miaka ile pwani ilipokuwa haikaliki tena kwa jua, watu walivibandua vipepeo wakavitumbukiza chooni. Mashine, walisema, haina mama; itajuaje damu ya mtu? Wakuu wa mji walipochoka kuzibua vyoo wakaleta utaratibu: namba isiguswe mpaka isomwe na jirani, mtu wa jumba hilohilo, kisha jirani aweke kidole gumba kwenye neno moja kati ya matatu. Ongeza. Punguza. Subiri. Kipepeo kingetii, kingepenyeza dawa kidogokidogo ndani ya ngozi mwezi mzima, na Ukuta haukuruhusiwa kutia neno.

Msomaji wa Jumba la Tisa alipatikana bila kura. Nani mwingine? Mashavu alijua nani kalala njaa na nani kalala kwa nani. Mlango wake haukuwa na komeo, na kopo lake la sukari lilizunguka ghorofa zote sita likarudi tupu asiulize. Mafunzo ya usomaji yalikuwa ya siku mbili. Ya kwanza alikwenda. Ya pili iliangukia siku ya kumtoa mwali ghorofa ya nne, na shughuli ya mwali haiachwi kwa ajili ya tezi. Jioni alimpelekea mwalimu sahani ya pilau yenye paja zima la kuku, na cheti kikatoka.

"Mwili ni nyumba," aliwaeleza watu, maana hilo la siku ya kwanza alilishika vizuri. "Hapa kooni kuna tezi, ndiyo mwenye nyumba. Ubongo ndio unaokuja kupiga hodi. Haya, nyumba inayopigiwa hodi mara hamsini na nane ni nyumba ya namna gani? Imefurika. Mwenye nyumba hana pa kuweka mguu. Lazima umpunguzie."

Nani angebisha? Kwao Mashavu, Lindi, kabla jua halijaipika, hodi moja haijaisha nyingine imeanza. Mama yake aliitikia akiwa jikoni, akiwa kisimani, akiwa kwenye mswaki. Kwake hodi nyingi hazikuwa na maana nyingine ila watu wengi.

Semeni alikuwa benchini, ubavu umegusa bomba la maji ya moto, kanga mbili, sweta, blanketi juu. Alitabasamu. Tabasamu lilifika wenzake wakiwa wameshamaliza kucheka na wameanza mazungumzo mengine. Mwaka jana mwanamke huyuhuyu angemrudishia Mashavu neno ambalo lingezunguka jumba wiki nzima. Hakupewa jina la Semeni bure. Walikuja milimani ndani ya lori moja, juu ya godoro moja, na safari nzima ya siku mbili hakufunga mdomo, mpaka dereva akasimamisha gari kumwomba apumzike. Sasa uso umeumuka, ncha za nyusi zimenyonyoka, na sauti imekuwa nzito, ya kukwaruza.

"Mbona unapanda tu, mwenzangu?" Mashavu alizifunua karatasi za nyuma. Tisa. Kumi na nne. Ishirini na mbili. Thelathini na moja. Arobaini na tatu. Kila mwezi alibonyeza punguza, na kila mwezi hodi ziliongezeka. "Tezi yako kaidi kama wewe."

Semeni alifikiri. "Labda," alisema.

Mashavu akaguna, akaweka kidole kwenye punguza, na safari hii akakiacha pale mpaka kipimo kikafika mwisho wake. Kisha akamwita mzee Kigahe, fundi cherehani wa ghorofa ya pili, mwenye hodi saba, akambonyezea subiri kama ada yake. Mtu wa miaka themanini na mbili, alisema, huachiwa damu aliyoizoea.

2

Jumatano asubuhi alikuwa anachambua mchele aliposikia miguu ikishuka ngazi mbilimbili. Alikuwa Havijawa, binti wa Semeni, aliyeolewa majuzi na bado ana hina kwenye kucha.

"Mama mdogo, njoo. Yule tabibu wa vipepeo yuko kwetu, anakuulizia."

"Ananiulizia kwa wema au kwa shari?"

"Twende tu."

Tabibu alikuwa msichana wa hukuhuku milimani, Atupele kwa jina, anayepita kila jumba mara moja kwa mwaka kuangalia kama vipepeo vinakaa sawa shingoni. Mashavu alimkuta ameinama juu ya kitanda cha Semeni, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, midomo inahesabu.

"Shikamoo, mama," alisema bila kuinuka.

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Mapigo arobaini na sita," Atupele alisema, akaandika. "Joto la mwili thelathini na nne na nusu. Nilimwuliza jina la binti yake, ikamchukua muda mpaka nikadhani hajasikia." Sasa aliinuka. Mkononi alikuwa na karatasi zote sita, amezitoa kwenye msumari ukutani. "Nani amezisoma hizi?"

"Mimi."

"Mstari wa chini umeuona?" Akaweka ukucha chini ya maandishi madogo. "Karibu."

"Ahsante," alisema Mashavu, akavuta kigoda, akaketi.

Atupele hakucheka. Alimtazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Sikukukaribisha, mama. Nimeusoma mstari. Karatasi ina namba mbili. Ya juu ni hodi. Ya chini ni karibu."

Mashavu aliichukua karatasi, akaisogeza dirishani. *Karibu: 0.2.* Mwaka wa tatu sasa alikuwa anaziona herufi zile chini ya kila karatasi. Alidhani ni adabu ya Ukuta. Maduka huandika karibu mlangoni, misikiti huandika, hata mashine ya tikiti kule stesheni ilikuwa inasema karibu. Na kitarakimu cha pembeni alidhani ni namba ya chapa.

"Nilijua karatasi inatukaribisha," alisema polepole.

"Waliochagua majina walitaka kuturahisishia." Atupele alikaa ukingoni mwa kitanda. "Ubongo ukitaka tezi ifanye kazi, unapiga hodi. Tezi ikiwa nzima inaitikia karibu, na hiyo karibu ndiyo inayopita mwilini kukupa joto, akili, nguvu za kutembea. Haitakiwi kushuka chini ya nukta nane. Yake ni nukta mbili. Sasa niambie, mama: ukienda kwa mtu, na mwenyewe yupo, unapiga hodi ngapi?"

"Moja. Mbili, kama anakaanga kitu."

"Na ukifika hamsini na nane?"

Aliyejibu ni Havijawa, kutoka mlangoni.

"Hakuna mtu," alisema. "Au yupo, amezimia."

Semeni aliwaangalia mmoja mmoja, mpole, kama wanaongelea jirani.

"Mwezi wa kwanza zilikuwa tisa," Atupele aliendelea, na sauti yake haikuwa ya kulaumu, jambo ambalo Mashavu aliliona zito zaidi. "Tezi ilikuwa imeanza kuchoka tu. Ilitaka kuongezewa kidogo. Wewe ukaibana mdomo. Ubongo ukaona kimya, ukapiga zaidi. Wewe ukaona hodi zimezidi, ukabana zaidi. Ndivyo mlivyopanda ngazi mpaka hapa. Mwili ukishafika hapa, homa moja ya kifua inatosha. Mtu analala, asubuhi haamki."

"Geuza basi. Geuza sasa hivi."

"Ile ya kubana nimeshaizima. Lakini kipepeo hakianzi kuongeza mahali palipokuwa panapunguzwa mpaka Ukuta upewe sababu. Sababu zipo mbili. Kosa la msomaji. Au mgonjwa hakuvaa kipepeo." Atupele alianza kukunja mirija yake ya kusikilizia moyo. "Mnajua ya Jumba la Nne."

Walijua. Nani asiyejua? Msomaji wa Jumba la Nne alikiri kosa, jumba likanyang'anywa usomaji, Ukuta ukaanza kusoma wenyewe. Na Ukuta ukisoma wenyewe hauna subiri. Hodi zikipita nne miezi mitatu mfululizo, mtu anahesabiwa kuwa anakula joto la mji kuliko fungu lake, anateremshwa bondeni, Nyumba ya Joto. Watu kumi na mmoja waliteremshwa mwezi ule. Mashavu aliisimulia habari hiyo mwenyewe mara nyingi, kwa mikono na macho, na hakuwahi kujiuliza kwa nini watu aliodhani wana tezi za moto wapelekwe kwenye joto.

"Na ukiandika hakuvaa?"

"Jumba linabaki na msomaji wake. Anayeteremshwa ni mgonjwa peke yake. Mkaidi, wanamwita."

"Huko watamtibu?"

"Wanasema wanawatibu. Sijakutana na aliyerudi." Atupele alifunga mkoba, akamwangalia Semeni badala ya Mashavu. "Wengi huandika hakuvaa. Sikushauri, mama. Nakwambia tu wanavyofanya. Mna mpaka kesho adhuhuri. Zaidi ya hapo naogopa mimi."

3

Kabla ya magharibi jumba zima lilikuwa limeshajua, na nusu yake ilikuwa imeshafika chumbani kwa Mashavu. Walikaa kitandani, walikaa juu ya ndoo, walisimama. Siku nyingine angefurahi. Angekuwa ameshabandika sufuria.

Tatu, mwanamke wa ghorofa ya tatu, mwenye ulimi wa pili baada ya Semeni, ndiye aliyefungua mazungumzo.

"Tuambie wewe mwenyewe, kabla hatujaisikia kwa watu."

"Watu ndio nyinyi, Tatu."

"Haya, basi tuambie ili tuwaambie."

Aliwaambia. Alipofika kwenye *ahsante* aliyomjibu tabibu, mmoja alicheka puani, kisha kila mtu akakumbuka karatasi zake mwenyewe.

"Kwa hiyo hata mimi?" aliuliza mama mmoja, mkono kooni.

"Zako ni mbili. Za wengi ni mbili, tatu. Nimezipitia zote mchana huu, mistari yote miwili. Aliyeharibika ni mmoja."

"Mmoja," alisema Tatu. "Shoga, nisikilize. Kidole ni chako, cheti ni chako, lakini jumba ni letu. Ukienda pale ukajitangaza, Semeni atapata dawa, sawa, na sisi tutapata Ukuta. Leo nina hodi tatu. Nikipata mimba, nikipata maradhi, nikizeeka, zitakuwa ngapi? Nani atanibonyezea subiri?"

"Na Semeni?"

"Semeni ni mwenzetu. Nani kasema si mwenzetu? Muulize mwenyewe. Mwambie hali ilivyo. Siku hizi anakubali kila kitu."

Watu wakaitikia, ndiyo, aulizwe mwenyewe, hiyo ndiyo haki. Tatu hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemwosha Semeni wiki ile Havijawa aliposafiri.

Mzee Kigahe alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kofia mkononi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Wengine walipotoka alibaki.

"Sikuombi kitu, mama," alisema. "Nimekuja kukwambia tu kwamba saba ni zaidi ya nne. Pengine ulisahau."

"Sikusahau, mzee wangu. Tabibu ameiona karatasi yako. Amesema wewe nilikusoma sawasawa, kwamba wazee hodi zao hupanda kidogo na si ugonjwa."

"Aa." Alitikisa kichwa kama mtu aliyesifiwa kwa kitu kidogo. "Basi yupo uliyemsoma sawa."

Akashuka ngazi taratibu, mkono ukutani.

4

Asubuhi alimpelekea Semeni uji wa ulezi. Havijawa alikuwa ametoka kuchota maji. Semeni alikuwa ameketishwa, mito mitatu nyuma, blanketi mpaka kidevuni, na nje ya dirisha jua la milimani lilikuwa jeupe, zuri la kutazama na lisilofaa kitu.

Mashavu alimweleza. Alitumia maneno machache, akarudia, akarudia tena. Mimi ndiye niliyekubana. Niliona hodi nikadhani ni wageni. Semeni alisikiliza, macho yakifuata midomo.

"Nimekusamehe," alisema.

Alisema kabla hajaombwa. Mashavu alikuwa hajafika hata nusu.

"Subiri, sijamaliza. Nikisema ni mimi, jumba litanyang'anywa usomaji. Mzee Kigahe atateremshwa. Wengine watafuata. Nikisema wewe hukuvaa..."

"Sema sikuvaa."

"Utateremshwa wewe, Semeni. Bondeni. Peke yako. Havijawa haruhusiwi kukufuata."

Semeni aligeuza uso dirishani, na ile safari ya shingo tu ilichukua muda. "Huko kuna joto," alisema. "Eti?"

"Kuna joto."

"Mimi naona baridi, Mashavu. Mpaka kwenye mifupa. Acha niende kwenye joto."

Uji ulikuwa umeshika ngozi juu. Mashavu aliukoroga. Hapo ndipo alipokuwa amepaomba usiku kucha: mwenyewe amekubali, kwa mdomo wake, tena amesamehe, tena anataka. Angeweza kunyanyuka sasa hivi, ateremke, abonyeze, na kila aliyekuwa chumbani kwake jana angesema ametenda haki.

Alichofanya badala yake hakukipanga.

"Semeni," alisema, "nina jambo la zamani. Marehemu mumeo alikuwa ananikonyeza. Pale Lindi, mbele yako, ukigeuka tu. Na mimi nilikuwa nacheka."

Ulikuwa uongo mtupu. Marehemu alikuwa hamwangalii hata kuku jike. Semeni aliyekuja naye kwenye lori angenyanyua bakuli lile la uji, ammwagie usoni, kisha angeanza na ukoo wa Kombo, babu kwa babu, na asingeacha mtu. Mashavu alisubiri. Aliutazama uso ule uliovimba, akatafuta chochote, kope, pua.

"Labda," alisema Semeni, na akatabasamu ili asimkwaze.

Mashavu aliweka bakuli chini.

Aliyekuwa na haki ya kukubali hakuwemo mle chumbani. Alikuwa amefungiwa mahali, ndani kabisa, na aliyemfungia ndiye aliyekuja kumwomba ruhusa. Na hiyo baridi aliyotaka kuikimbia, nani aliitia? Mwezi hadi mwezi, kwa kidole hiki, huku watu wanacheka. Hata hamu ya kwenda bondeni ilikuwa ya Mashavu.

Alimpangusa Semeni mdomo kwa ncha ya kanga, akatoka.

Ukumbini walikuwepo wengi, kama ilivyotarajiwa. Sababu nayo ilitakiwa kusomwa kwa sauti. Maneno mawili yalikuwa yamewashwa kwenye kioo cha Ukuta, moja juu ya jingine, na watu walimpa nafasi apite. Hakuna aliyemgusa. Atupele alisimama pembeni na mkoba wake.

Mashavu hakuangalia nyuma, kwa sababu mzee Kigahe alikuwa nyuma.

"Kosa la msomaji," alisoma. "Jina la msomaji, Mashavu binti Kombo." Akabonyeza.

Kwa muda hakukutokea kitu. Kisha Ukuta ukasema. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuusikia. Wapo waliodhani hauna sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke mpole, yenye lafudhi yao wenyewe, ya pwani.

"Ahsante," ulisema. "Kuanzia leo nitasoma mimi."

5

Mzee Kigahe aliteremshwa Jumatatu iliyofuata, maana Ukuta ulihesabu na karatasi zake za nyuma. Alikuwa amemaliza suruali za watu zote, akazikunja juu ya cherehani, kila moja na jina kwenye kikaratasi. Alimpa Mashavu mkono, akaushika muda mrefu kuliko desturi. Mwezi wa pili waliteremshwa wawili: mama mmoja wa ghorofa ya tano ambaye hodi zake zilipita nne kwa sehemu moja ya kumi tu, na kijana fundi umeme.

Siku hizi watu waliteremka ukumbini mmoja mmoja, wakainua kidevu, Ukuta ukawanong'oneza namba zao, wakarudi juu. Hakuna aliyeleta maandazi. Tatu alipokutana na Mashavu kwenye ngazi alipita kama anapita nguzo. Mashavu alisalimia kila siku, akijua hataitikiwa; alisema kimoyomoyo kwamba hiyo ni haki yao, na usiku haikumsaidia.

Semeni alipata dawa, na Ukuta haukumhesabia hodi zake, kwa kuwa kosa lilikuwa la msomaji. Atupele alianza na tone dogo, kwa kuuhofia moyo, akaongeza kila baada ya wiki mbili. Karibu ilipanda kwanza. Hodi zilichelewa kushuka.

"Ndivyo ilivyo," Atupele alieleza. "Ubongo umezoea kupiga kelele. Haushawishiki kwa siku moja kwamba mlango umefunguliwa. Msikate tamaa mkiona bado ni arobaini."

Mashavu alikwenda kila asubuhi na uji. Wiki ya nne Semeni alivua blanketi. Wiki ya sita uvimbe wa macho ulishuka. Wiki ya nane alilalamika kwamba uji una chumvi, na Mashavu alirudi chumbani kwake akakaa kitandani akalia, kwa sababu ulikuwa na chumvi kweli.

Wiki ya kumi alimkuta amesimama dirishani, amejifunga kanga moja, mabega wazi.

"Weka hapo," Semeni alisema bila kugeuka. Sauti ilikuwa imerudi, ile nyembamba inayopita ukuta.

Mashavu aliweka bakuli, akavuta kigoda.

"Usikae."

Hakukaa.

"Havijawa alinionyesha picha jana," alisema Semeni. "Za harusi yake. Nimekaa mbele, nimevaa vizuri, natabasamu. Nimezitazama zote. Mashavu, sikumbuki hata moja. Mtoto wangu wa pekee. Nimemuuliza nilisema nini siku ile, nilimwambia nini wakati anatoka. Unajua nilisema nini?"

Mashavu alijua. Alikuwa pembeni yake siku ile.

"Nilisema labda."

"Semeni..."

"Tabibu ameniambia ulijitangaza mwenyewe. Ameniambia umenyimwa salamu. Nimesikia. Ulifanya vizuri, na nisingefanya vingine. Lakini kuna kitu kimoja nimekikumbuka, na hicho ndicho kinachoniuma. Nakumbuka nilikusamehe." Sasa aligeuka. Nyusi zilikuwa bado nusu, lakini macho yalikuwa ya kwake, makali, yamelowa. "Ule haukuwa msamaha wangu. Alikupa mtu mwingine, uliyemtengeneza wewe. Nauchukua. Kuanzia leo huna."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Ungeelewa usingekuja na uji kila siku kama mtu anayelipa. Kesho usije. Nikitaka kukuona nitakuja mwenyewe, na sijui kama nitataka. Toka kwangu."

Mashavu alitoka. Alifika katikati ya ukumbi mwembamba wa ghorofa, akaegemea ukuta. Nyuma yake mlango haukufungwa vizuri. Alisikia Havijawa akiuliza kitu kwa sauti ya chini, na Semeni akaanza kujibu.

Alianza na lori. Akaingia kwenye godoro, na nani alivuta upande mkubwa. Akaja kwenye mafunzo, na ile shughuli ya mwali, na paja la kuku, ambalo sasa lilikuwa kuku mzima. Aliigiza namna Mashavu alivyosema ahsante kwa tabibu, akavuta na kigoda chake kabisa, kilisikika kikikwaruza sakafu. Havijawa alicheka, akajizuia, akacheka tena. Semeni hakucheka. Aliendelea, neno juu ya neno, bila kupumua, kila mahali anaongeza chumvi, hamsazii kitu, hamwachii hata mama yake aliyekufa Lindi, na Mashavu alisimama pale kwenye baridi akamsikiliza mpaka mwisho.